Kabla ya Kopo na Pampasi: Bibi Zetu Walibanaje Matumizi Mtoto Akizaliwa?

Leo tuache kidogo za nani kaachana na nani.

Kuna staa mmoja wa kike, jina kapuni, katupia picha za arobaini ya mwanae. Keki ya ghorofa tatu, maputo ukuta mzima, mtoto kavalishwa taji. Hapa Uyole zile picha zilizunguka kwenye simu za watu wote, kuanzia maduka ya njiapanda mpaka kwa wauza viazi. Mimi sina ugomvi naye, hela yake, mtoto wake. Ila dada mmoja jirani yangu, ambaye mtoto wake alikuwa na miezi kama minne hivi, aliitazama ile picha ya keki muda mrefu halafu akaniuliza: "Hivi huyu mtoto anakula shilingi ngapi kwa mwezi?"

Hakuuliza kwa wivu. Aliuliza kwa sababu kichwa chake chote kilikuwa kwenye hesabu ya kopo.

Huyu dada anauza ndizi na parachichi barabarani, pale njia ya kwenda Tukuyu na Kyela inapoachana na barabara kuu ya Dar na Zambia. Mume wake anaendesha bajaji ya tajiri, kila jioni kuna hesabu ya kupeleka, upate usipate. Mtoto alipofikisha miezi miwili dada akarudi barabarani. Angefanyaje? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya siku 84 yenye malipo, hata masaa mawili kwa siku ya kunyonyesha akisharudi kazini, lakini hiyo ni kwa aliyeajiriwa. Beseni la parachichi halina likizo. Basi mtoto akabaki nyumbani na mama yake mdogo, binti wa miaka kumi na sita, pamoja na chupa na kopo la maziwa ya unga.

Sasa tupige hesabu wote. Mtoto wa miezi mitatu minne asiyenyonya kabisa, ukimkorogea kwa kipimo kilichoandikwa, anamaliza gramu mia na kitu za unga kwa siku. Kopo la gramu 400 linakata kwenye siku tatu na nusu. Kwa mwezi ni makopo nane au tisa. Tuseme kopo ni 25,000, hapo unaongelea laki mbili na zaidi. Kima cha chini cha mshahara kwenye biashara na viwanda kilichoanza Januari 2023 kilikuwa 150,000. Yaani mtu anapiga kazi mwezi mzima, halafu bado kopo linamdai chenji.

Yule dada kopo lake lilikuwa linakaa wiki mbili.

Alipokwenda kliniki, mstari kwenye kadi ya mtoto ulikuwa umelala, halafu umeanza kushuka. Nesi akamuuliza kwa upole anakorogaje. Vijiko viwili, chupa nzima. "Nilikuwa nabana matumizi," ndivyo alivyoniambia mimi baadaye, na akalia. Sikujua nijibu nini. Nilirudi ndani nikampigia bibi yangu simu, yuko Iringa, nikamsimulia. Bibi kakaa kimya kidogo, halafu akasema, "Kuzimua maziwa si habari ya leo, mjukuu wangu. Sisi walitufundisha mpaka kwenye mikutano ya kijiji."

Nikasema hapa kuna stori. Nikaanza kusoma.

KOPO LINA KESI YA ZAMANI

Mwaka 1939 daktari mmoja wa watoto anaitwa Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaica, alisimama mbele ya wanachama wa Rotary kule Singapore akatoa hotuba ambayo jina lake kwa Kiswahili ni "Maziwa na Mauaji". Huyu mama hakuwa mtu wa kawaida. Ndiye aliyewaeleza madaktari wa dunia ugonjwa wa kwashakoo alipokuwa anafanya kazi Ghana, enzi hizo ikiitwa Gold Coast, na jina lenyewe alilichukua kwa wenyeji. Singapore akakuta wauza maziwa wanatuma wasichana waliovaa kama manesi kwenda kuwashawishi wazazi waache kunyonyesha. Akawasema hadharani.

Ikapita miaka 35. Mwaka 1974 shirika la Uingereza la War on Want likatoa kijitabu cha mwandishi Mike Muller kuhusu makampuni yanayouza maziwa ya unga kwenye nchi maskini. Ukisoma alichoelezea utadhani alipita Uyole. Mama hana maji safi, hana kuni za kuchemshia chupa kila saa, na hana hela ya kopo la pili, kwa hiyo anaongeza maji ili hili moja lifike mwisho wa wiki. Tumbo la mtoto linajaa, analala, mama anajua kashiba. Kumbe kashiba maji.

Kikundi kimoja cha Uswisi kilikitafsiri kile kijitabu kwa jina kali zaidi, kampuni ya Nestlé ikakipeleka mahakamani. Ilishinda kesi mwaka 1976, ila jaji akaiambia itazame upya namna inavyotangaza bidhaa zake. Mwaka uliofuata Wamarekani wakaanza kususia bidhaa zake. Mwezi Mei 1981 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ukapitisha kanuni za kudhibiti utangazaji wa haya maziwa, kura 118 kwa 1. Aliyepinga peke yake ni Marekani. Sisi tukatunga kanuni zetu mwaka 1994, zikaandikwa upya 2013. Ndiyo maana mastaa wetu wanaotangaza kila kitu mpaka dawa ya mende, kopo la maziwa ya kichanga hawatakiwi kulitangaza.

Nisieleweke vibaya hapa. Kuna watoto wamefiwa na mama, kuna mama ambao maziwa yamegoma kweli, na hao kopo ndilo linawaokoa. Na kuna hili la VVU, ambalo kwetu si la pembeni maana Njombe, Iringa na Mbeya ndiyo mikoa inayoongoza nchini kwa maambukizi. Kuna kipindi mama mwenye virusi alikuwa anaambiwa kama ana uwezo anunue kopo. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likabadilisha mwongozo: mama akiwa kwenye ARV na anameza vizuri, anaweza kunyonyesha. Sijui ni familia ngapi mwongozo ule umeziondoa kwenye deni la duka. Kama hilo linakuhusu, muulize nesi wako, usimuulize mwanablogu.

MIAKA YA FOLENI

Sasa turudi kwa bibi. Mjomba wangu wa mwisho alizaliwa mwaka 1984. Ukiwauliza watu wa rika la bibi kuhusu miaka ile watakwambia foleni. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikuwa vimekomba hazina, mafuta yamepanda bei dunia nzima, fedha za kigeni hakuna. Mwaka 1983 waziri mkuu Edward Sokoine akaongoza msako wa wahujumu uchumi na walanguzi. Sabuni unapanga foleni, sukari unapanga foleni, khanga ukiipata unaificha. Waliokaa karibu na mpaka wa Tunduma au Kasumulu angalau walipenyezewa vya magendo. Bibi anasema kijijini kwake kuna miezi walifulia maji ya majivu.

Nepi? Winda la khanga iliyochakaa, imefuliwa mpaka imekuwa laini kama pamba. Pampasi zilianza kuuzwa Marekani mwaka 1961, ila bibi anasema ya kwanza kuiona kwa macho yake ilikuwa kwa mjukuu, na alidhani ni bandeji.

Hapa wengi wetu huwa tunaishia. Tunasema, "Enzi zile watoto walikuwa na afya, walikula vya asili, hakuna makopo." Mimi pia nilikuwa nasema hivyo. Bibi alinikatisha: "Nani kakudanganya?"

Na kweli. Kopo halikuwepo, mahindi yalikuwepo, maharage yalikuwepo, maana Iringa ilikuwa moja ya mikoa inayolisha nchi. Lakini watoto walipopimwa mwaka 1984, karibu asilimia 56 ya wenye umri chini ya miaka mitano kwenye vijiji vya mradi walikuwa na uzito pungufu, na asilimia 6 hivi hali yao ilikuwa mbaya kabisa. Zaidi ya nusu, wadau. Kwenye mkoa wenye maghala.

MIZANI CHINI YA MTI

Mradi wenyewe ulianza mwishoni mwa 1983. Serikali kupitia Taasisi ya Chakula na Lishe, iliyoundwa 1973, pamoja na UNICEF na Shirika la Afya Duniani, hela zikitoka Italia, walianza na vijiji 168 vya Iringa. Wakati huo mkoa ulikuwa bado na Njombe, Makete na Ludewa ndani yake.

Nilitegemea kusoma kwamba waligawa chakula. Wapi. Walileta mizani. Kila miezi mitatu kijiji kinakusanyika, mtoto anatiwa kwenye mfuko wa mizani ya kuning'inia, uzito unaandikwa kwenye kadi yenye kijani, kijivu na nyekundu. Halafu matokeo hayabaki kwa nesi. Yanasomwa kwenye serikali ya kijiji, mbele ya wanaume. Watoto wangapi wako kwenye nyekundu? Kwa nini? Tunafanya nini kabla ya kupima tena? Bibi anasema ilikuwa aibu mtoto wako kuwa nyekundu huku kihenge kimejaa, na ilikuwa mara ya kwanza kusikia wazee wakibishana kuhusu uji.

Majibu yaliyopatikana hayakuwa ya ajabu, ila ukiyafikiria yanauma. Mtoto alikuwa analishwa mara mbili kwa siku, kama mtu mzima, kwa sababu mama yuko shamba tangu alfajiri. Tumbo la mtoto wa miezi minane ni dogo kama ngumi yake mbili, huwezi kulijaza asubuhi likakaa mpaka jioni. Na uji wenyewe ulikuwa na mtego. Ukiupika mzito mtoto anaukataa. Ukiuongeza maji ateleze nao vizuri, unga unabaki kidogo sana kwenye kikombe.

Umeona? Ni kesi ileile ya kopo. Maji yanajaza tumbo.

Dawa ilikuwa ndani ya nyumba muda wote, tena kwenye chungu cha pombe. Kina mama wa Nyanda za Juu wanakijua kimea: unaloweka ulezi usiku mmoja, unaufunika na gunia lenye unyevu siku mbili tatu mpaka uchipue, unaanika juani, unasaga. Wataalamu wa Taasisi ya Chakula na Lishe wakathibitisha maabara kwamba ukipika uji mzito kabisa, halafu ukakoroga humo kijiko cha unga wa kimea, baada ya dakika chache uji unalegea wenyewe bila kuongeza tone la maji. Kule kuchipua kunazalisha vimeng'enya vinavyovunja wanga. Unaurudisha jikoni uchemke tena kidogo, basi. Kikombe kilekile, mtoto yuleyule, ila sasa kuna unga mwingi zaidi ndani. Huo ni uji wa kuanzia miezi sita, si kabla. Gharama yake ni ulezi na jua. (Ukitaka kujaribu hapa Uyole mwezi wa pili, jua utalitafuta kwa tochi, anika kabla ya masika.)

Mpaka 1988 wale wenye uzito pungufu walikuwa wameshuka kutoka asilimia 56 hadi 38 hivi, na wale wa hali mbaya wakawa chini ya asilimia 2. Mwaka 1990 UNICEF ilipoandika mkakati wake wa lishe kwa dunia nzima, mafunzo ya Iringa yalikuwemo. Watu wanasoma vyuoni ng'ambo habari za vijiji vyetu, sisi tunaosoma hapa jirani tulifundishwa Mapinduzi ya Viwanda ya Uingereza mpaka tukayakariri.

Ningependa kuishia hapo, ila sitakuwa mkweli. Utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulikuta udumavu nchini ni asilimia 30. Iringa ni karibu 57, ya kwanza nchini. Njombe kama 50. Kipimo ni tofauti, siku hizi wanapima urefu kwa umri na zamani zile walipima uzito, kwa hiyo usizilinganishe moja kwa moja. Lakini mkoa wenye mahindi, viazi, maziwa, parachichi na maharage, kuwa wa kwanza kwa udumavu! Mradi uliisha, mama bado yuko shamba alfajiri, au yuko barabarani na beseni kama jirani yangu. Na udumavu haupigi kelele. Mtoto anacheza, anacheka, ni mfupi tu, watu wanasema kafanana na babu yake.

TURUDI UYOLE

Mimi baada ya kusoma yote haya nilikaa na jirani zangu wote wawili, mume na mke, tukaorodhesha hela inakwenda wapi. Kuna vitu tulikuta wanalipia wakati ni bure. Chanjo ni bure, ikiwemo ile ya rota iliyoanza nchini 2013, na kila kuhara kunakozuiwa ni hela ya nauli na dawa imebaki mfukoni. Cheti cha kuzaliwa cha mtoto chini ya miaka mitano ni bure pia, kwenye kituo cha afya au kwa mtendaji wa kata. Huo mpango ulianzia hapahapa Mbeya mwaka 2013 kabla ya mikoa mingine yote, na bado mume alikuwa ameshampa mtu elfu ishirini "amsaidie kufuatilia".

Pampasi walikuwa wananunua moja moja dukani, tano kwa siku. Tuseme 350 kila moja: 52,500 kwa mwezi, 630,000 kwa mwaka. Wakaamua usiku pampasi moja, mchana nepi za kitambaa. Hiyo imeshuka mpaka 10,500 kwa mwezi. Shida ni kukausha, maana Uyole ya mwezi wa sita na wa saba mnaijua, nepi inakaa kambani siku mbili bado ina ubaridi. Dada anazimalizia kwa pasi ya mkaa. Masweta na kofia za mtoto wanachagua mitumba Mwanjelwa, belo likifunguliwa asubuhi, kabla wajanja hawajapita.

Lakini hayo yote yalikuwa makombo. Kubwa lilikuwa kopo, na kopo lisingeondoka bila mtoto kurudi kifuani, na mtoto asingerudi kifuani bila mahali pa kukaa pale barabarani. Nesi alikuwa amemwambia dada amweke mtoto kwenye ziwa kila mara, hata kama hayatoki, yatarudi. Aliyatafuta karibu wiki tatu. Yalirudi.

Mume alikuwa anacheza mchezo na wenzake wa kijiwe cha bajaji, watu kumi na wawili, elfu kumi kila wiki. Upatu ni wa miaka mingi, ulikuwepo kabla ya vikoba na kabla hatujaanza kutunza hela za kikundi kwenye simu. Uzuri wake ni kwamba kijumbe ni mtu, unaweza kumlilia shida. Zamu yake ilikuwa ya tisa. Akaenda kwa kijumbe akasema ukweli wote, mpaka la vijiko viwili, mbele ya wanaume wenzake. Mwenye zamu ya pili akampisha.

Ile 120,000 wengine walimwambia anunue kitanda cha mtoto. Alinunua mwavuli mkubwa wa biashara, kiti chenye mgongo na turubai la kuzuia upepo. Zilizobaki akaongezea mtaji wa ndizi. Sasa mama mdogo anamleta mtoto pale chini ya mwavuli asubuhi, saa sita na saa tisa, dada anakaa, anajitanda khanga, ananyonyesha huku anahesabu chenji. Kuna wateja wanakunja sura. Kuna mmoja alishusha kioo cha gari akamwambia hapo si mahali pake. Dada akamuuliza kama anachukua parachichi au hachukui.

Wiki iliyopita nilimsindikiza kliniki. Mtoto sasa ana miezi tisa. Mizani ilisoma kilo 7.4, mstari uko kwenye kijani, unapanda. Nilipiga picha ile kadi nikakata sehemu ya jina, nikamtumia mjomba amwonyeshe bibi. Kabla sijafika nyumbani simu ikaita.

"Kamwene," bibi akasema. "Nimeiona. Na uji, anakunywa mara ngapi kwa siku?"

Nikamwambia mara tatu.

"Mwambie mama yake aongeze moja, saa kumi, kabla hajarudi na beseni. Na wewe niletee ulezi wa huko Mbeya, wa hapa umepanda bei."